Umerudi Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Mgongo: Mwongozo Kamili wa Wiki 12 za Kwanza

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: "Nilifanyiwa upasuaji wa diski, nikapona kabisa, mguu ukaacha kuwaka moto. Wiki ya tatu nikafua nguo chache tu za mtoto. Sasa maumivu yamerudi." Mara nyingine si nguo, ni ndoo ya maji. Mara nyingine ni gari lililokwama, watu wakaombwa kusukuma. Wiki haibadiliki.

Kazi yangu ni mazoezi tiba, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Wanaokwama si wavivu. Wengi wamepewa karatasi ya maelekezo inayofaa nyumba yenye jiko la kusimama, choo cha kukalia na bomba la maji ndani. Kwetu mambo yako chini: jiko chini, beseni chini, choo chini, kigoda chini, hata ufagio wa chelewa ni mfupi. Ukiwa mzima hulioni hilo. Ukitoka kupasuliwa, kila shughuli ya siku inakudai uiname.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuipandisha nyumba, ili wewe usishuke.

## Jua kwanza ulichofanyiwa

Ninazungumzia mgongo wa chini, zile pingili tano za kiunoni. Kwenye majibu yako ya MRI huenda uliona maandishi L4/L5, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano, au L5/S1, kati ya ya tano na mfupa ulio chini yake. Huko ndiko diski nyingi, ile mito laini iliyo kati ya pingili, hupasukia. Upasuaji wenyewe huwa wa aina tatu kubwa:

- Kuondoa kipande cha diski kilichotoka na kubana mshipa wa fahamu.
- Kupanua njia ya mishipa ya fahamu kwa kukata sehemu ya mfupa ulioibana.
- Kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma ili zishikane ziwe mfupa mmoja.

Mbili za kwanza, tahadhari kali huchukua kama wiki 6. Ya tatu huchukua wiki 12 au zaidi, kwa sababu mfupa huhitaji kati ya miezi 6 na 12 kushikana sawasawa. Chuma ulichowekewa kinashikilia tu kwa muda, kama mbao za fundi zinavyoshikilia zege lisilokauka.

Kabla hujatoka wodini, muulize daktari wako mambo manne na uyaandike: nimefanyiwa ipi kati ya hizo? Nyuzi zangu zinatolewa lini, au zinayeyuka zenyewe? Nivae mkanda wa mgongo au nisivae? Nirudi kliniki tarehe gani? Akikuambia kitu tofauti na nilichoandika hapa, mfuate yeye. Ameuona mgongo wako kwa ndani, mimi sijauona.

## Dalili za kukimbilia hospitali

Nimeziweka hapa juu makusudi, kwa kuwa watu hawafiki mwisho wa makala. Mwonyeshe pia anayekuuguza.

Nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane:

- Mkojo umegoma kutoka, au mkojo na haja kubwa vinakutoka bila kujua.
- Ganzi mpya sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapaja kwa ndani, yaani pale panapogusa tandiko ukipanda farasi.
- Mguu umeanza kulegea, au unyayo unaburuzika na haukuwa hivyo jana.
- Kifua kinauma ghafla na pumzi inakata.

Nenda siku hiyohiyo:

- Homa inayozidi nyuzi 38.
- Kidonda kinatoa usaha, kinanuka, kimekuwa chekundu na cha moto au kinaachia.
- Maji maangavu yasiyo na rangi yanavuja kwenye kidonda, pamoja na kichwa kinachouma ukisimama na kutulia ukilala. Huenda utando unaofunika mishipa ya fahamu unavuja.
- Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kinauma. Usikikande. Huenda ni damu iliyoganda, na kuikanda kunaweza kuisukuma ikapanda mapafuni.

Yale mawili ya kwanza, ya mkojo na ganzi, ndiyo watu huyaonea aibu kuyasema mbele ya watoto au wakwe. Mishipa hiyo ikibanwa kwa muda mrefu inaweza isirudi tena. Sema.

## Vifaa vya kuandaa

Viandaliwe kabla mgonjwa hajarudi. Siku ya kurudi kila mtu huwa na wageni na sufuria za pilau. Hakuna atakayekumbuka kiti.

- Kitanda kisichobonyea. Ukikaa ukingoni, nyayo zikanyage sakafu na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kwa wengi hiyo ni kama sentimeta 50 kutoka chini hadi juu ya godoro. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai, wala godoro la chini.
- Mito mitatu. Mmoja wa kichwa, mmoja wa magoti, mmoja wa kukumbatia.
- Kiti kigumu chenye mgongo na mikono. Sofa inayokumeza iachie wageni.
- Kiti cha chooni, kama choo chenu ni cha kuchuchumaa. Maelezo yako hatua ya tatu.
- Stuli mbili imara za kuwekea beseni na ndoo zifike usawa wa kiuno, pamoja na kopo lenye mkono.
- Viatu vya kutumbukiza mguu, vyenye soli isiyoteleza na vinavyoshika kisigino. Kandambili hapana; huteleza bafuni.
- Msuli, kanga au dera. Suruali ina mshipi na lastiki vinavyokwaruza mshono, na kuivaa ni lazima uiname. Fundo lifungwe mbele.
- Kipimajoto na daftari.
- Mtu mmoja wa kukaa nawe hadi wiki ya 6: wa kufua, kuchota, kufagia na kuchomeka chandarua. Hili la chandarua watu hulisahau. Kukichomeka chini ya godoro ni kuinama na kujipinda kwa pamoja, kila usiku.

## Hatua ya 1: Safari ya kutoka hospitali

Kama unatoka mbali, usipande basi la safari ya saa kumi siku ya kuruhusiwa. Tafuta ndugu karibu na hospitali ukae hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14. Najua ni gharama na ni kumtegemea mtu. Lakini barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya inazidi kilomita 800, na mgongo uliopasuliwa juzi utazihesabu moja moja.

Kwenye gari dogo, kaa kiti cha mbele kilicholazwa kidogo nyuma. Kuingia: geuza makalio kwenye kiti, kaa kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja huku mwili mzima ukigeuka. Weka mfuko laini wa plastiki juu ya kiti uteleze kwa urahisi, na uutoe gari likianza kwenda.

Simama na kutembea dakika tano kila baada ya saa moja. Ukiwa umekaa, pandisha na shusha nyayo mara kwa mara ili damu isitulie miguuni. Penye treni ya SGR, kama Dar es Salaam–Dodoma au Mombasa–Nairobi, ipande hiyo: unaweza kusimama na kutembea humo ndani. Kwenye basi kaa katikati, mbali na siti ya nyuma kabisa inayorusha watu. Bodaboda usipande kabisa kwa wiki 6 angalau, hata kwa mwendo wa mita mia mbili hadi dukani.

Umefanikiwa kama: umefika umechoka, lakini maumivu ya mguu hayajazidi yale uliyotoka nayo wodini.

## Hatua ya 2: Kulala na kuamka kitandani

Hii ndiyo hatua ninayorudia kufundisha kuliko zote. Utaifanya mara nyingi kwa siku, na ukiikosea kila mara utakuwa unaukwangua mgongo bila kujua.

Watu wengi huamka kwa kunyanyua kichwa na kifua wakiwa chali, kama wanaovutwa na kamba. Misuli ya tumbo inabana kwa nguvu, diski inakandamizwa, mshono unavutwa. Fanya hivi:

1. Ukiwa chali, kunja magoti moja baada ya jingine, nyayo zibaki kwenye godoro.
2. Geuka ubavu kama gogo: bega, nyonga na magoti viende wakati mmoja. Ukiona bega limetangulia na nyonga imebaki nyuma, umejisokota. Rudi uanze tena.
3. Sogea hadi ukingoni, magoti yakiwa yamekunjwa.
4. Shusha miguu yote miwili nje ya kitanda, na papo hapo sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Uzito wa miguu ukishuka, kifua kinapanda chenyewe.
5. Kaa nusu dakika. Kizunguzungu ni cha kawaida siku za kwanza, hasa ukiwa na dawa kali za maumivu. Wengi huanguka hapa kwa haraka ya kwenda kujisaidia.
6. Vuta nyayo nyuma kidogo, peleka kifua mbele bila kupinda kiuno, simama kwa nguvu ya mapaja.

Kulala ni njia hiyohiyo kwa kinyume: kaa, lala ubavu, pandisha miguu, kisha geuka kama gogo. Ukilala chali, weka mto chini ya magoti. Ukilala ubavu, mto kati ya magoti. Kifudifudi subiri uambiwe.

Onyo kwa anayekuuguza: usimvute mgonjwa mikono. Weka mkono wako nyuma ya bega lake na mwingine kwenye nyonga, umsindikize tu. Kuvuta mikono ni upendo unaotegua.

Umefanikiwa kama: unaamka bila kubana pumzi wala kukunja uso. Wengi hufika hapo ndani ya siku nne au tano.

## Hatua ya 3: Choo na kuoga

Kuchuchumaa kunakunja kiuno hadi mwisho, na kujikamua kunapandisha msukumo ndani ya diski. Kufanya yote mawili kwa pamoja katika wiki za mwanzo ni hatari.

Suluhisho la mtaani ni kutoboa kiti cha plastiki shimo katikati. Linafanya kazi, lakini kiti kilichotobolewa hupasuka siku usiyotarajia. Bora fundi seremala au mchomeleaji akutengenezee kiti cha sentimeta 45 hadi 50, chenye mikono na raba miguuni. Miguu yote minne ikanyage sakafu ngumu, mbali na ukingo wa tundu. Vyoo vya kununua vya wagonjwa vipo kwenye maduka ya vifaa tiba. Ukipata wa kukuazima, azima.

Kujisafisha: usijipinde kufikia nyuma. Simama kidogo ukiwa umeshika mkono wa kiti, au tumia mpira wa maji. Katika siku za kwanza, omba msaada wa mwenza bila kuona haya.

Sasa kufunga choo, jambo linalowatesa wengi kuliko mshono wenyewe. Dawa za jamii ya tramadol, kodeini na mofini hukausha tumbo. Usisubiri siku ya nne. Tangu siku ya kwanza kunywa maji ya kutosha, kula papai, mboga za majani, maharage na ugali wa dona badala ya sembe. Siku mbili zikipita bila haja, mwombe mfamasia dawa ya kulainisha choo.

Kuoga: kaa kwenye kiti, ndoo iwe juu ya stuli, tumia kopo. Kwa siku za mwanzo jifute kwa kitambaa, maji yasifike kwenye kidonda hadi uruhusiwe. Miguu aioshe mwingine.

## Hatua ya 4: Kidonda

Kidonda kinataka ukavu na mikono misafi. Bandeji ibadilishwe kituo cha afya au kama ulivyoelekezwa, na mtu aliyenawa kwa sabuni. Kila siku msaidizi wako akitazame na apige picha kwa simu. Picha ya jana ikilinganishwa na ya leo inaonyesha uvimbe mapema kuliko maneno.

Na hapa niseme wazi kuhusu kukanda. Bibi atakuja na maji ya moto, shangazi na mafuta ya karafuu, jirani atamleta mtu wa kuchua anayesifika mtaa mzima. Wote wana nia njema. Wakatalie wote. Maji ya moto juu ya mshono hulainisha ngozi inayojaribu kushikana na hufungua mlango kwa vijidudu. Kuchua kunasukuma tishu zilizoshonwa siku chache zilizopita. Kama ulifanyiwa upasuaji wa kuunganisha, mtu anayekandamiza kiuno kwa goti anapambana na skrubu. Mtupie daktari lawama: "Amenikataza kabisa, bibi." Husaidia.

Wenye kisukari wapime sukari kama walivyopangiwa, kwa sababu sukari ikipanda kidonda huchelewa. Wavutaji wa sigara waache, hasa waliounganishwa pingili. Nikotini huzuia mfupa kushikana.

## Hatua ya 5: Dawa

Kunywa dawa za maumivu kwa saa, usisubiri maumivu yapande. Maumivu yaliyodhibitiwa hukuruhusu kutembea, na kutembea ndiko kunakokuponya.

Parasetamoli ya miligramu 500: mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake, na ini halijali imeingia kwa jina gani.

Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, usizitumie pamoja. Hukwangua tumbo na huchosha figo. Kama umeunganishwa pingili, usizitumie bila daktari wako kuruhusu, kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa. Nasisitiza hili kwa kuwa sindano ya diklofenaki hutolewa dukani kama peremende.

Dawa za mishipa ya fahamu, kama gabapentini na pregabalini, zisiachwe ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo. Na kama mgongo wako ulipasuliwa kwa sababu ya kifua kikuu cha mifupa, upasuaji haujamaliza kazi. Maliza dozi ya kifua kikuu yote, hata ukijiona mzima.

## Hatua ya 6: Kutembea

Ukinibana nichague dawa moja tu, nitachagua hii. Kulala wiki nzima "ili mgongo upoe" hudhoofisha misuli, hufunga choo na hugandisha damu miguuni.

- Siku za kwanza: dakika 5, mara 4 hadi 6 kwa siku, ndani na uwanjani.
- Wiki ya 2: dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4.
- Wiki ya 3 na 4: dakika 20, mara 2 au 3.
- Wiki ya 6: dakika 30 kwa mkupuo, mara 2.

Chagua ardhi tambarare, asubuhi kabla jua halijawa kali. Njia ya shambani baada ya mvua iache.

Pima hivi: maumivu yanaelekea wapi? Yakihama kutoka unyayoni kwenda pajani, kisha kiunoni, unapona, hata kama kiuno kinauma zaidi ya jana. Yakiteremka kuelekea mguuni na kuamka nawe kesho yake, umezidisha. Rudi kwenye kiwango cha nyuma siku mbili.

Kuhusu ganzi: kwa kawaida maumivu makali ya mguu huondoka kwanza, nguvu hufuata, ganzi hubaki nyuma kabisa. Mshipa wa fahamu ulioumia hujijenga kwa takriban milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe umbali kutoka kiunoni hadi kidoleni ndipo ujue kwa nini dole gumba bado halina hisia mwezi wa tatu. Ganzi inayopungua polepole haitishi. Ganzi mpya ndiyo ya kukimbilia hospitali.

## Hatua ya 7: Kukaa, jikoni na ibada

Kukaa huku umeinama mbele hubana diski kuliko kusimama. Wiki mbili za kwanza kaa dakika 20 hadi 30 tu kwa mkupuo, kisha simama. Kula mezani. Sinia la kwenye mkeka lisubiri, hata kama ni Ramadhani na wote wako chini. Wewe utafutari kwenye kiti.

Makatazo ni matatu: kuinama, kunyanyua, kujisokota. Uzito wako wa juu kwa wiki 6 ni kilo 2 hadi 5. Dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5, na hapo ndipo mwisho. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hata ukiibeba kichwani; ukiijaza nusu bado ni kilo 10.

Jikoni, pandisha jiko juu ya meza imara au tumia jiko la gesi la mezani. Kupika chai, kukata vitunguu, kuchambua mchele ukiwa umesimama: ruksa kuanzia wiki ya pili ukijisikia. Kazi tatu ni marufuku hadi mtaalamu akuruhusu. Kukuna nazi kwenye mbuzi: umekaa chini, umepinda, unasukuma. Kutwanga kwenye kinu. Na kusonga ugali, ambao watu hunicheka nikiutaja. Ugali wa watu sita ni mzigo unaouzungusha kwa kiuno kilichopinda. Hayo ni makatazo yote ndani ya sufuria moja.

Kikianguka kitu, kiache palepale. Mtoto atakiokota.

Kwa Waislamu: swali ukiwa umekaa kwenye kiti, rukuu na sijida kwa kuashiria kichwa, sijida ikishuka kidogo zaidi, bila kupinda kiuno. Mgonjwa ana ruhusa hiyo. Miguu wakati wa kutawadha amwagiwe maji na mwingine. Kwa Wakristo: kupiga magoti acha kwa sasa, na kwenye ibada ndefu kaa kiti cha pembeni uweze kusimama.

Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto tumboni na kaa wima. Chafya ya kuinama imewahi kumrudisha mtu hospitali.

## Hatua ya 8: Wiki ya tatu

Sasa tumefika pale ujumbe wangu wa simu unapotoka.

Wiki ya tatu nyuzi zimetolewa. Mguu hauwaki. Unalala usiku. Wageni wamepungua, na msaidizi amerudi kwao kwa sababu "mbona umeshapona". Ndani, hata hivyo, ukuta wa diski uliopasuka bado una kovu changa. Ukiinama na mzigo, kilichobaki cha diski kinaweza kupenya palepale. Mshipa ulioachwa huru unabanwa tena, na safari hii daktari atapita kwenye kovu.

Maumivu ya mguu yalitoweka kwa kuwa kilichokuwa kinabana kimetolewa. Mgongo wenyewe haujasema lolote bado.

Fanya haya wiki hiyo:

- Msaidizi asiondoke hadi wiki ya 6. Kama lazima aondoke, panga mtu wa kufua na kuchota kabla hajafunga mzigo wake.
- Chora mstari kwenye daftari kwa tarehe ya wiki ya 6, uandike "hadi hapa". Wanaume hasa, andikeni. Fundi ujenzi mmoja niliyemhudumia alibandika tarehe yake kwenye mlango wa stoo ya vifaa vyake. Alisema bila hiyo angekuwa juu ya jukwaa siku ya ishirini.
- Kama maumivu kidogo ya mguu yanarudi bila wewe kukosea, usihofu mara moja. Mshipa wa fahamu huvimba na kulalamika wiki za mwanzo. Punguza kutembea kwa siku mbili tatu, endelea na dawa ulizoandikiwa. Yasipopungua ndani ya siku hizo, au yakiwa makali kama ya kabla ya upasuaji, wahi kliniki.

## Hatua ya 9: Mazoezi tiba

Wiki 0 hadi 4, kitandani: pandisha na shusha nyayo mara 10 kila saa ukiwa macho. Bana makalio kwa sekunde 5, achia, mara 10. Telezesha kisigino kuelekea makalio, mguu mmoja mmoja, mara 10. Vuta kitovu ndani taratibu huku ukiendelea kupumua. Ukibana pumzi umekosea.

Kuanzia wiki ya 4 hadi 6, baada ya kuonwa: mtaalamu atakuongezea kunyanyua makalio ukiwa chali, kuteremka kidogo ukiwa umeegemea ukuta, na baadaye kunyoosha mkono na mguu wa pande tofauti ukiwa kwa magoti na viganja. Waliounganishwa pingili huanza baadaye. Kugusa vidole vya miguu na kunyanyuka kwa tumbo ukiwa chali usifanye.

Kisha jifunze kuinama upya. Shika mti wa ufagio nyuma yako uguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa makalio. Sukuma makalio nyuma, magoti yakilegea kidogo, kifua kishuke. Mti ukiacha kugusa mahali popote kati ya hapo patatu, umepinda kiuno. Fanya mbele ya kioo au mtoto akutazame. Watoto ni wakaguzi wakali.

Umefanikiwa kama: unaweza kurudia mara 10 mti ukiwa umetulia na unasikia kazi mapajani, siyo kiunoni.

Mkanda wa mgongo uvae ikiwa tu daktari aliagiza, na kwa muda aliosema. Misuli inayoshikiliwa siku nzima husahau kazi yake.

## Hatua ya 10: Gari, ndoa, mtoto na kazi

Kuendesha: subiri wiki 4 hadi 6, usiwe kwenye dawa za kusinzisha, na uweze kukanyaga breki ghafla kwa nguvu. Jaribu gari likiwa limezimwa.

Tendo la ndoa: wengi huweza kati ya wiki ya 2 na ya 6, maumivu yakiruhusu. Aliyepasuliwa alale chali na mto chini ya magoti, au ubavu; mwenzake ndiye afanye kazi. Zungumzeni kabla.

Mtoto: kaa kitini, uletewe mapajani. Kumbeba mgongoni kwa kanga usifanye kabla ya wiki 12, kwa sababu kumfunga kunataka uiname huku uzito wake wote uko kiunoni.

Kazi: ya mezani, kati ya wiki ya 3 na ya 6, ukianza nusu siku. Ualimu, duka, ushonaji: karibu na wiki ya 6, ukisimama kila nusu saa. Ujenzi, kubeba mizigo, kilimo: miezi 3, na miezi 6 au zaidi kwa waliounganishwa pingili. Mwombe daktari barua ya kazi nyepesi mapema, kabla likizo ya ugonjwa haijaisha.

Mkulima anayerudi shambani abadilishe mpini wa jembe. Mpini mfupi ndio unaokupinda. Chukua unaofika kifuani, anza na dakika 20 za kupalilia udongo laini, na kulima ardhi ngumu kusubiri msimu unaofuata. Ukienda kliniki ya wiki ya 12, beba picha zako za eksirei, lile daftari, na umwombe mtaalamu akuangalie unavyookota kitu sakafuni. Akitikisa kichwa, rudi kwenye mti wa ufagio wiki mbili nyingine kabla hujaushika mpini.